Chapati za Makande Nyuma ya Nyumba ya Mama Mkwe

Joshua, juzi ulipopanda huku Chome na wenzako kunisalimia, mliniuliza swali nikashindwa kulijibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Mlikaa hapa barazani na vifua vyenu vya kunyanyulia saruji, mkamaliza chapati zote, sahani mkaipangusa kwa vidole, halafu wewe ukasema, "Babu, hizi chapati za protini tupe fomula." Nikacheka nikapaliwa, gari la Same likapiga honi, mkakimbia. Leo mvua inanyesha, shamba limelowa na sina pa kwenda. Basi nawaandikia, wewe na wenzako wote mnaotaka kujenga mwili bila kununua unga wa kwenye makopo, na mkichoka katikati pumzikeni kisha mwendelee.

Fomula sina. Nimekuwa mpishi tangu ndevu hazijaota mpaka zimeota zikawa nyeupe, na hilo neno protini limenikuta nimeshastaafu. Sisi tulikuwa tunasema chakula kinachoshika tumbo. Mtu akila asubuhi, akifika saa sita bado anakumbuka kwamba alikula. Ndiyo hiyo hiyo protini yenu, tofauti ni kwamba ya kwetu haikuwa na picha ya mtu asiye na shati.

Mimi kwetu ni Tabora. Nilikuja huko bondeni kijana kama ninyi, kukata mkonge, na mkonge wenyewe ukanikata mimi. Miiba ile haina adabu. Mikono ikavimba, nyapara akaniangalia akasema, "Huyu mpelekeni jikoni kabla hajatufia." Jikoni nikamkuta Mzee Komba, mtu wa Songea, mfupi, mkali, hana nyusi hata moja kwa sababu moto wa kantini ulishazichukua. Huyo ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua, na mengi alinifundisha kwa mwiko wa mgongoni.

Siku ya kwanza alinipa unga wa chapati za maji nikoroge. Nikakoroga haraka haraka nikakimbilia kikaangoni. Akaniondolea bakuli mkononi, akaliweka juu ya rafu, akalifunika na kitambaa. "Kaa chini," akasema.

"Mzee, watu wana njaa."

"Na unga una kiu. Uache unywe maji kwanza."

Nilidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Lakini chapati za unga uliopumzika hazichaniki na hazina mabonge. Jaribuni wenyewe, korogeni bakuli moja, nusu mkaange papo hapo, nusu muiache mpaka muoge na kuvaa, halafu mlinganishe. Hamtarudi tena kwenye haraka.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa la chapati ya kwanza. Kila mpishi anaijua hiyo. Kikaango hakijakubali bado, inakunywa mafuta yote, upande mmoja unaungua na mwingine umepauka, sura yake kama ramani ya nchi isiyojulikana. Mzee Komba alikuwa na sheria yake: hiyo haiendi kwa mteja na haitupwi. Ni ya mpishi. Na mpishi anaila amesimama, amegeukia ukutani, ili asiyehusika asione. Nimeifuata sheria hiyo kantini, nikaifuata Hedaru, nikaifuata mpaka nilipofika huku mlimani. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa Hedaru. Kantini ilipofungwa nilifungua kibanda cha chai pale kando ya barabara kuu, mabasi yanapita, malori yanalala. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, mtu mnene mwenye roho nzuri, daktari wake alikuwa amemkataza ngano nyingi na sukari, akamwambia ale maharage zaidi. Akaja kwangu analalamika, "Maganga, mimi asubuhi bila chapati siwezi kushika usukani. Nifanyie ujanja." Nikasema huo ujanja ninao. Nikabeba maharage makavu mpaka mashineni, wakanisagia unga laini, mzuri, rangi ya maziwa ya chai. Nikachanganya na maji, nikakaanga, nikajisifu.

Kwa bahati mbaya, au nzuri kwake, dereva hakupita siku ile. Lilipita basi. Abiria wakashuka, wakanunua, wakapanda. Kesho yake konda akaja amejishika kiuno.

"Mzee, jana uliwalisha nini watu wangu?"

"Chapati za maharage. Vipi, wamezipenda?"

"Tumesimama kuchimba dawa kabla ya Makanya. Tumesimama Makanya. Tumesimama baada ya Makanya. Yule bwana wa suti alishuka na hakutaka kupanda tena, anasema afadhali abaki huko huko vichakani."

Hedaru nzima wakaniita Chimba Dawa, na mpaka leo nikishuka sokoni kuna mama mmoja muuza vitunguu ananiita hivyo mbele ya watu. Kwa hiyo ninyi mnaopenda mkato, nisikilizeni vizuri: maharage makavu yakisagwa mabichi hayaivi kwenye kikaango, hata chapati iwe na rangi ya kupendeza namna gani. Yanaleta balaa tumboni. Yalowekeni tangu jioni, maji yale myamwage, mchemshe kwa maji mapya, moto mkali yatokote kweli kweli, mpaka ukilibonyeza moja kwa vidole linasagika lenyewe. Hapo ndipo yaingie kwenye chapati. Na huku mlimani kwenye baridi ongezeni muda, maharage ya Chome yana maringo.

Sasa nije kwenye hizi chapati mlizokula. Hizi sikuzitunga kwa ajili ya misuli ya mtu. Nilizitunga kwa ajili ya mama mkwe wangu.

Bibi yenu Namsifu nilimpata Hedaru, alikuwa anashuka na ndizi siku za soko. Mama yake aliishi hapa hapa Chome, katika nyumba hii mliyokaa barazani kwake. Sasa lazima mwelewe, kwetu nilikolelewa mimi, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hamli pamoja. Huingii jikoni kwake. Mkikutana njiani unapisha, unaangalia majani. Na mama huyu, ingawa si wa kabila langu, alikuwa mtu wa zamani na utaratibu huo ulimfaa sana. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nachuchumaa nje ya mlango, nasema, "Shikamoo mama," naye ndani anaitika, "Marahaba Baba Neema, hamjambo huko?" Nasema hatujambo. Basi, mazungumzo yameisha mpaka Krismasi nyingine. Chakula changu kilikuwa kinaletwa huku barazani na sikuwahi kutafuna mbele ya macho yake.

Halafu akaugua homa ya mapafu. Hospitali wakamtibu akapona, lakini aliyerudi nyumbani alikuwa mifupa na kanga. Mimi na Namsifu tukafunga kibanda cha Hedaru, nilikuwa nimeshachoka hata hivyo, tukapanda huku kumtunza. Muuguzi wa zahanati akatuambia wazi: dawa zimefanya kazi yake, sasa mwili unataka kujengwa, apate maharage, mayai, maziwa, la sivyo hatainuka kitandani. Na mtoto wake wa kiume, shemeji yangu Elisante, akapiga simu kutoka Dar es Salaam. Akasema atakuja na gari maharage yakishavunwa, na akimkuta mama bado amelala anamchukua akaishi naye mjini.

Elisante hakuwa na ubaya, anampenda mama yake. Lakini mama hakutaka. Nilimsikia kupitia ukuta anamwambia Namsifu, "Huko nitakaa dirishani niangalie ukuta wa jirani. Nimezaliwa naangalia mlima Shengena, nifie ukutani?" Na Namsifu akatoka nje na kunishika shati akalia, akisema mama akiondolewa humu ndani hatafika hata mwaka. Mimi nilijua anasema kweli. Nikaangalia maharage shambani, yalikuwa yameshatoa maua.

Tatizo likawa kula. Yai, anasema linanuka kuku. Maziwa, anasema yanampandisha kichefuchefu. Uji, anausogeza na mkono, "Mimi si mtoto." Ukimwuliza mama unataka nini, jibu ni moja: makande. Mwanamke wa Upare aliyekula makande maisha yake yote utampa nini kingine. Lakini meno yalikuwa yamebaki machache, nayo hayakutani. Namsifu akayaponda makande kwa mwiko, akampelekea. Mama akaangalia bakuli muda mrefu, akauliza, "Haya ameshayatafuna nani?" Akageukia ukutani.

Mimi nimekaa nje na kazi yangu yote mikononi na siruhusiwi kuingia jikoni. Jamani, hakuna adhabu kama hiyo kwa mpishi. Ndipo nikachukua jiko la mkaa nikalipeleka nyuma ya nyumba, karibu na banda la mbuzi, nikamwambia Namsifu, "Niletee makande yaliyolala."

Kila nyumba huku ina makande yaliyolala, hilo msihangaike nalo. Nikayatia kwenye kinu nikatwanga mpaka yakawa laini, nikayapitisha kwenye chujio kutoa maganda. Mahindi yameshaiva, maharage yameshaiva, hakuna tena ya kuchimba dawa. Nikavunja mayai ya kienyeji humo ndani, nikatia mtindi badala ya maji, chumvi, tangawizi mbichi ya kukwangua ili ile harufu ya yai isimfikie mama. Nikakaanga. Zikameguka zote kikaangoni, zikawa kama mchanga. Mbuzi walifaidi.

Kesho yake nikaongeza unga wa ngano. Nikaongeza mno, zikatoka kandambili. Siku iliyofuata nikapata akili ya kutia na unga wa dagaa, maana muuguzi aliwahi kutaja samaki, na paka wa kijiji kizima wakahamia kwetu. Namsifu akaniambia, "Mume wangu, sahani hii sivuki nayo mlango." Nikala mwenyewe, na sikuifurahia.

Mwisho nikamkumbuka Mzee Komba na rafu yake. Nikatia ngano konzi mbili tu, ya kushikiza, nikalifunika bakuli nikaliacha, nikaenda kukata majani ya mbuzi. Niliporudi uji ule ulikuwa umetulia, mahindi yamekunywa mtindi, ukiinua upawa unateremka taratibu bila kukatika. Kikaango kipate moto kwanza, kisha punguza. Mafuta upake tu kwa kipande cha kitunguu, usimimine. Mwaga, sambaza nyembamba, funika ili na juu kuive. Usiibonyeze, wala usiichungulie kila saa kama mtu anayesubiri ujumbe wa mchumba. Kingo zikikauka na juu kukiwa na vitundu, geuza mara moja. Ikatoka nzima, laini, ina rangi.

Ile ya kwanza nikala nimesimama, nimewageukia mbuzi, kama nilivyofundishwa. Nzuri akapeleka Namsifu. Nikategesha sikio ukutani. Halafu nikasikia sauti ya mama, ya chini, anamwambia mwanawe, "Haya ni makande." Nikasikia sahani inasogezwa. Halafu, "Iko nyingine?"

Nililia pale na upawa mkononi. Sioni haya kusema.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kila siku. Siku nyingine nilibadilisha makande na kunde zilizochemshwa, siku nyingine nikaongeza karanga za kusaga, au ndizi mbivu badala ya chumvi na tangawizi, mradi yai na mtindi havikosekani. Mama akaanza kuketi. Akaketi mlangoni. Akasimama kwa fimbo akaenda kuangalia kama tumepalilia, na hakuridhika. Lakini bado alikuwa mwepesi, na maharage shambani yalianza kuwa na rangi ya njano, na kila nikiyaona nahesabu siku za Elisante kufika.

Siku moja Namsifu alishuka bonde la pili kwenye msiba, mvua ikamshika huko, njia ikawa utelezi. Saa ya kula ikafika. Chapati ziko tayari na mimi nimesimama nyuma ya nyumba na sahani mkononi kama mtu aliyepotea. Mwenye kuipeleka hayupo. Nikasikia naitwa.

"Baba Neema."

"Naam, mama."

"Zimeungua?"

"Hazijaungua, mama. Namsifu hajarudi."

"Simwulizi Namsifu, nauliza chapati."

Nikazunguka mpaka mlangoni, nikachuchumaa, nikaangalia pembeni, nikaiweka sahani kizingitini. "Nimeiweka mlangoni, mama."

"Mlango unakula?"

Jasho lilinitoka na baridi ile. Nikajikaza, "Mama, kwetu ni mwiko mimi kuingia humo."

"Kwenu ni Tabora. Hapa ni kwangu," akasema. "Elisante akinipeleka Dar nitakuwa kwa mtu, nitafuata ya mwenye nyumba. Leo bado nina kwangu. Ingia."

Nikaingia nimeinama. Alikuwa amekaa karibu na moto, kanga kifuani, macho makali kweli kweli. Akanionyesha kigoda, sikukaa. Akasema, "Unadhani sijui nani ananipikia? Namsifu nimemzaa mimi. Yule mtoto hajawahi kugeuza chapati ikabaki nzima."

Nikacheka bila kutaka. Na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu augue. Halafu akaniuliza, "Ile nyingine iko wapi?"

"Ipi, mama?"

"Ile mbaya. Unayokula umesimama. Ukuta huu una ufa, nakuona kila siku unatafuna umewageukia mbuzi kama umeiba. Kailete."

Nikaenda kuileta. Siku ile ilikuwa mbaya hasa, upande mmoja mweusi. Akaichukua mkononi mwangu, akaikata katikati kwa vidole, nusu akabaki nayo, nusu akaninyooshea. "Kaa," akasema. "Mtu anayenilisha ataogopaje kutafuna mbele yangu? Mimi nimechoka kula peke yangu, Baba Neema. Tangu mume wangu afe nakula peke yangu."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikatafuna mbele ya mama mkwe wangu. Yeye alikuwa anakula zake wala haniangalii. Alipomaliza akasema, "Tangawizi imezidi."

Kuanzia siku ile akataka jiko liingizwe ndani. Akakaa yeye upande ule, mimi upande huu, akanifundisha kuchagua maharage na mimi nikamfundisha kupaka mafuta kwa kitunguu. Alikula zaidi, nadhani kwa sababu tulikuwa tunabishana.

Elisante alikuja maharage yameanikwa uani. Kiti cha nyuma cha gari alikuwa amekitandikia blanketi na mto, amejiandaa vizuri. Akaingia kwa haraka akanyoosha shingo chumbani, kitanda kitupu. Akapiga kelele, "Mama yuko wapi?"

"Niko jikoni, una kelele gani?" Alikuwa ameinamia kikaango, upawa mkononi. Akageuza chapati. Ikabaki nzima, akaniangalia mimi kwanza kabla ya kumwangalia mwanawe.

"Mama, nimekuja kukuchukua."

"Shikamoo imeishia njiani?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa ule."

Akala. Akala tena. Alikuwa anamtazama mama yake anavyonyanyuka, anavyochota mtindi, anavyomfukuza kuku na fimbo ambayo haiegemei tena. Akaweka sahani chini, akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka kwenye viatu vyake vya mjini. Mama akamwambia, "Ukitaka kuchukua kitu, chukua maharage." Na kweli gari lilishuka mlima na gunia la maharage limelala juu ya lile blanketi.

Hilo ndilo jibu langu, Joshua. Makande yaliyolala, mayai, mtindi, ngano ya kushikiza tu, na uvumilivu wa bakuli lililofunikwa. Misuli itakuja, msiwe na wasiwasi. Mlipokuja juzi mama hamkumkuta kwa sababu alikuwa shambani anapalilia, na aliporudi alinigombeza kwamba nimewapa wageni chapati zote nisimwachie hata moja.

Chapati ya kwanza mpaka leo inatoka mbaya, hiyo hakuna mpishi aliyeishinda. Ila sheria ya Mzee Komba nimeivunja. Kila asubuhi tunaikata katikati, yeye anachukua upande ulioungua, anasema ndio wenye ladha, mimi nachukua huu mwingine, na tunaila tumekaa.